Mnyama wa Mwaka Wako

Mwanangu Gi-tae,

Kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha, imekolea. Mwanao Da-on hunisaidia kumenya vitunguu saumu, nami namfundisha wanyama wa miaka ya kuzaliwa, wale kumi na wawili wanaopokezana, kila mwaka na wake.

Jana mtu asiyemjua alimwandikia kwenye simu: "Nina miaka tisa kama wewe. Nitumie picha."

Da-on akamuuliza, "Mnyama wa mwaka wako nani?"

"Nguruwe."

Akaniletea simu. "Bibi, darasa letu zima ni nyani. Huyu nguruwe kama baba, anajifanya mtoto."

Mchezo wangu wa jikoni, mtoto kaufanya ngao. Mtu huyo tumemripoti polisi.

Nilimuuliza mbona alimjibu tangu mwanzo. Akasema, "Aliniuliza siku yangu ilikuwaje."

Mpigie simu, mwanangu.

Mama yako,
Mal-sun