Gari Juu ya Magogo

Jumatatu, 4 Novemba 1974
Uji, kisha kulala ubavu wa kushoto kama nesi alivyoagiza. Nisishuke kitandani ila kwa haja, darasani nisiende kufundisha. Mimba mbili zimekwisha kunitoka. Hii ya tatu imefika mwezi wa nane, naogopa hata kukohoa.

Laurenti, mume wangu, yuko Muleba, anapima viwanja vya kijiji kipya cha ujamaa. Amekwenda na gari la serikali. Letu limebaki hapa Kanazi, kando ya migomba. Breki hazishiki. Ukikanyaga, pedali inazama hadi chini. Na ndilo la kunipeleka hospitali ya mjini siku ikifika.

Fundi aliyeitwa na Laurenti amefika leo kwa baiskeli kutoka Bakoba, kule mjini. Anaitwa Ishengoma. Hutengeneza magari majumbani kwa watu. Kabla ya kugusa chochote alikuja dirishani, kofia mkononi, akanijulia hali. Nikampenda papo hapo. Mchana kutwa chuma kiligonga chuma, taratibu. Usingizi mtamu.

Jumanne, 5 Novemba
Gari liko juu ya magogo, halina magurudumu. Limetulia kama ng'ombe anayecheua.

Nimeota linaelea ziwani. Migomba imeota ndani yake, nami nimeketi katikati ya majani, sina tumbo. Nikaamka nimejishika kwa mikono miwili. Mtoto akapiga teke. Nikalia kidogo, kwa furaha.

Fundi anasema breki shuu bado nzima. Kilichooza ni mipira midogo ndani ya silinda, ndiyo maana mafuta yanavuja. Mjini haipo. Siku hizi kipo nini? Amekwenda kuitafuta.

Alhamisi, 7 Novemba
Fundi hakuja. Jana pia hakuja. Mvua. Ukungu umeingia hadi chumbani, au ni macho yangu.

Mama Mkwe amekuja kunitunza, lakini hakupenda gari hili tangu liliponunuliwa. Hajalipanda hata siku moja. Leo, akinimenyea ndizi, amesema wanawake wa ukoo huu walizaa bila chuma. Nimemchukia. Nikageukia ukuta, nikajifanya nimelala, kisha nikalala kweli.

Ijumaa, 8 Novemba
Mgongo unauma. Sijamwambia mtu.

Fundi amerudi, tope hadi magotini. Mipira ameitoa kwenye gari bovu, mbali huko, akachagua iliyo mizima. Ameifunga kwenye jani la mgomba kama samaki. Nilimwuliza kama breki zitashika. Hakuapa.

"Mwalimu," alisema, "nikimaliza nitapanda mimi kwanza."

Jumamosi, 9 Novemba
Lazima niandike hili.

Leo ilikuwa kutoa upepo kwenye mabomba ya breki. Mmoja anakaa ndani akanyage, mwingine yuko chini afungue na kufunga. Nyumbani tupo wanawake wawili, na mmoja haruhusiwi kusimama.

"Kukanyaga ni kazi ya wanaume," alisema Mama. Kwetu ndizi za pombe hukanyagwa na wanaume, mwanamke haingizi mguu. Mama akanitazama pale dirishani, akalitazama tumbo. Akavua viatu. Akaingia.

"Kanyaga, waitu! Shikilia! Achia!" Fundi aliita toka chini, akimheshimu kwa Kihaya.

Mara ya kwanza alifumba macho. Baadaye nikamwona ameshika usukani, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, anakanyaga kama mtu mwenye ugomvi na ardhi. Jua lilitoka kidogo. Majani yote yaling'aa.

"Nikanyage tena, Ta Ishengoma?"

"Basi, Ma. Upepo umekwisha."

"Una hakika? Angalia vizuri."

Nimecheka mpaka nikaogopa.

Fundi amerudisha magurudumu, akalijaribu gari hadi sokoni na kurudi. Pedali imekuwa ngumu. Mvua imemzuia kuondoka, atalala hapa. Mgongo bado.

Jumapili, 10 Novemba
Hospitali. Penseli ya nesi.

Alfajiri chupa ilipasuka. Mapema mno. Fundi aliendesha. Mama alikaa nyuma, kichwa changu mapajani mwake. Hakusema neno kuhusu chuma. Ukungu mweupe kila upande, sikujua kama tunakwenda au tumesimama.

Kwenye mteremko wa Kibeta, senene, panzi wetu wa kuliwa. Walishuka usiku. Barabara imejaa watu na bakuli na ndoo, wote wameinama, kijani kinaruka miguuni mwao. Fundi alipiga honi. Nani anainua kichwa siku ya senene? Mbele yetu, katikati kabisa, mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

Fundi akakanyaga. Mama naye akakanyaga, sakafu tupu. Mimi pia, nilivyolala.

Gari likasimama.

Yule mwanamke akainuka, akatutazama kama watu wa ndotoni. Akachukua senene aliyetua kwenye boneti yetu, akamtia kwenye bakuli. Ndipo Mama akatoa kichwa nje, akapaza sauti kwa Kihaya kwamba hapa kuna mtoto anakuja, wapishe! Wakapisha. Mikono iligusa mlango tulipopita. Wengine walisema pole, wengine waliomba Mungu.

Fundi aliteremka hadi chini bila kufuta jasho.

Msichana. Mdogo sana. Amelia.

Jumatano, 13 Novemba
Laurenti amefika kwa lori la kahawa. Alisimama mlangoni mwa wodi, vumbi la Muleba kwenye nyusi, akashindwa kuingia. Mama akamvuta mkono.

Mtoto ananyonya, anasahau, anaanza tena. Nesi anasema ameongezeka kidogo. Mama amelala kwenye mkeka, mdomo wazi. Hatujampa mtoto jina. Mvua inavuka ziwa kuja huku, naiona kabla haijafika. Kidole changu kimo mkononi mwa mtoto. Anashika kwa nguvu.