Programu ya Kwaya Imenifia Mikononi

Mpendwa mshauri, Mama Rozalia, naomba msaada, ila kabla ya huo msaada naomba ujue unaandikiwa na nani, maana si kila siku mtu wa kiwango changu anashika kalamu kuandika gazetini. Mimi ndiye Jailos wa Chimala. Tangu Tunduma mpaka mlima Kitonga hakuna kwaya inayofungua mdomo Jumapili bila ruhusa yangu, na hata malaika huko juu wakitaka kubadilisha besi lazima kwanza wanibipu. Shule niliishia kidato cha pili, si kwa ujinga, walimu ndio walichoka na maswali yangu. Cheka tu mama, najua unacheka.

Kazi yangu ni fundi simu hapa stendi, na jioni napiga kinanda kanisani, lakini kilichonipa jina ni Sauti Nne, na kama hujaisikia basi parokia yenu haina kwaya. Ni programu ya simu, unaiandikia wimbo kwa do-re-mi kama tunavyoandika ubaoni, nayo inakuimbia sauti yako peke yake, soprano, alto, tena au besi, mpaka ikuingie kichwani, yaani mama wa alto anaondoka nayo kwenda kupalilia mpunga huku alto inamwimbia mfukoni, akija mazoezini Jumamosi hasumbui mtu. Ni bure. Halafu ni programu huria, maana yake kodi yake, yale maandishi ya kompyuta yanayoiendesha, yamewekwa wazi mtandaoni, anayejua kusoma asome, anayeweza kurekebisha arekebishe, hakuna anayelipwa, ni kujitolea tu.

Tulikuwa watatu. Kuna dada Tekla wa Iringa mjini, anafundisha kompyuta chuoni na akitoka kazini ndipo anakaa kuandika kodi. Kuna Kalista, mwanafunzi wake, alikuwa anajaribu kila toleo kwenye simu za kila aina mpaka alipomaliza chuo akapata kazi Dodoma, akatuaga. Na kuna mimi, mdomo. Dada Tekla si mtu wa watu, aliniambia mwenyewe siku ya kwanza, "Jailos, mimi niache na mashine, hao wanakwaya wachukue wewe, maana wewe ni kama umemeza kanda, huishiwi maneno." Nikawachukua kweli. Grupu la Wasap ni langu, namba za walimu wa kwaya zote zimo kwenye simu yangu, Tekla hana hata moja.

Sasa mama, wanakwaya wakizoea kitu cha bure wanaomba kama watoto mbele ya duka. Huyu anataka simu ipige na ngoma, yule Mwalimu Aroni wa Makambako anataka wimbo ushuke ufunguo kwa kubonyeza mara moja kwa sababu soprano wake wote wamezeeka. Jibu langu lilikuwa moja tu, "Jumapili iko tayari wazee, mnaongea na Jailos." Halafu namgeukia Tekla, "Dada, nimeshawaahidi." Anasema, "Umeahidi kwa mikono ya nani?" Nasema, "Fanya tu dada, usinitie aibu." Anafanya. Ikichelewa wanatukana, Aroni aliwahi kuandika kwamba hii programu imetengenezwa na watu waliokunywa ulanzi wa juzi, mimi nikamrushia utani wake tukacheka, ila matusi yenyewe nikamtumia Tekla kama yalivyo ili aongeze mwendo.

Sasa hivi Sauti Nne imekufa. Simu mpya zimekuja na mfumo mpya, programu inafunguka, inaimba mstari mmoja, inajizima. Dada Tekla hapokei simu. Nimejiambia ni umeme, nimejiambia ni bando, nimejiambia ni wivu wa watu wa Iringa kwa watu wa Mbeya, unaujua huo. Kwaya nimewaambia naumwa, wananitumia pole na dua kila asubuhi. Nataka unieleze, nitawapata wapi watu wengine wa kujitolea, wawe wavumilivu kama yule, na nifanyeje isife kabisa?

Barua nilitaka iishie hapo. Nikamsomea Asukile, tunayeshirikiana naye kibanda, akaendelea kukaza skrubu ya simu ya mtu bila kuniangalia, akasema, "Imenyooka. Ila msiba umeuacha wapi?"

Basi. Mwezi wa nane palikuwa na tamasha la kwaya Mbeya, kwaya za Mbeya na za Iringa, na Jumamosi nikapewa maiki nieleze Sauti Nne ilivyozaliwa. Mtangazaji aliniita "kijana wetu mtengenezaji", akina mama wakapiga vigelegele, na mimi sikumsahihisha. Nikaongezea na chumvi, nikasema niliiota usingizini. Hata sijashuka jukwaani simu ikatetemeka, ujumbe wa dada Tekla. "Jailos, mama amefariki. Tunazika Jumatatu asubuhi, nyumbani, juu ya Ilula. Mtaa wetu hauna kwaya na mama aliimba maisha yake yote. Waombe wenzetu, hata kwaya moja ipite."

Kwaya zote zilikuwa zimekaa mbele yangu na majoho yao, na maiki ilikuwa mkononi. Ningesema tu, wangesimama. Lakini wangeuliza, huyo Tekla ni nani? Nikairudisha simu mfukoni nikasema tuendelee.

Jumatatu mchana basi la kwaya ya Ruaha Mbuyuni lilikuwa linarudi kwao, likasimama Ilula wanunue nyanya, na wao kwa furaha ya tamasha wakawa wanaimba pale pale kando ya matenga. Clement, mdogo wake Tekla, alikuwa ameteremka barabarani kusindikiza wageni, anasema koleo lilikuwa bado mkononi na udongo wake. Akawafuata akawaambia, "Jamani, poleni na safari, lakini mmechelewa, tumeshamzika." Wakamshangaa. "Mmemzika nani, kaka?" Akasema, "Si mmetumwa na Jailos?" Mwalimu wao akajibu, "Jailos yupi, huyu aliyetengeneza programu? Hajatuambia neno."

Clement alinipigia akiwa hapo hapo. Hakutukana. Alisema, "Tumemwimbia wenyewe, sauti moja, kila mtu anavutia kwake. Dada alijaribu kuweka alto, akashindwa katikati." Akakata. Jioni Tekla mwenyewe akanitumia ujumbe, "Nywila na funguo zote za Sauti Nne hizi hapa. Sasa ni yako kweli, kama ulivyowaambia." Mama, kodi ile sijui kusoma hata mstari wake mmoja.

Nilimjibu Tekla kwamba simu yangu ilizima chaji tamashani, kwamba ujumbe wake niliuona baadaye. Haikuzima. Niliusoma, nikauelewa, nikauficha.

Jailos, Chimala

*

Jailos mwanangu,

Nilicheka mpaka pale kwenye malaika wanaokubipu. Baada ya hapo sikucheka tena.

Umeniuliza utapata wapi mtu mwingine mvumilivu kama Tekla, na hilo swali lenyewe ndilo ugonjwa. Unatafuta wa kumtumia, huyu ameisha. Mtu aliyetoka kazini akakaa kuwafanyia watu asiowajua kazi ya bure ana haki ya mambo mawili: kupumzika, na kujua kwamba kazi yake imemfaa mtu. Matusi ulimfikishia yote bila kupunguza herufi. Vigelegele ulibaki navyo. Ungempelekea hata sauti ya yule mama wa alto akiimba shambani, pengine leo ungekuwa huniandikii.

Wala usidhani nakuona huna thamani. Bila mdomo wako programu hiyo ingebaki kwenye kompyuta moja Iringa, na kuwakusanya walimu wa kwaya ni kazi ngumu kuliko kukusanya kuku. Msemaji ni cheo, mwanangu. Kwa nini hakikukutosha?

Haya, sikiliza. Leo, kabla hujafungua kibanda, andika kwenye hilo grupu. Waambie Sauti Nne imetengenezwa na Tekla, akisaidiwa na Kalista. Waambie Tekla alifiwa na mama yake, akawaomba waimbe, wewe ukawaficha. Waambie huumwi. Usiweke utani, usiweke kikaragosi kinacholia. Watakutukana, na huyo Aroni wako atakuwa wa kwanza. Yasome yote, usijibu. Na namba ya Tekla usimpe mtu hata akikuapia.

Ukishafanya hivyo waulize swali ambalo hukuwahi kuwauliza: katika kila kwaya, nani ana kijana anayesoma kompyuta? Iringa na Mbeya vyuo vimejaa. Kodi iko wazi, umesema mwenyewe. Wape funguo watu zaidi ya mmoja, wakae waitafute hiyo hitilafu ya simu mpya, na anayechoka aseme nimechoka, mwingine ashike, kama mnavyofanya mwimbaji mmoja wa tena akiugua koo. Kazi yako wewe iwe kupokea malalamiko na kuyaandika vizuri, simu gani, wimbo gani, imezima wapi. Hilo unaliweza, wewe ni fundi. Ila Jumapili ya kumwahidi mtu usiitamke tena mpaka mwenye kuifanya kazi aitamke yeye. Majina yao yawekwe ukurasa wa mbele, la Tekla likiwa juu. Na asipojitokeza mtu, iache ilale. Kwaya ziliimba kabla ya simu, na ubao bado upo.

Sasa la Ilula. Najua unachokiwaza, unataka kukodi basi uwajaze wanakwaya ukawapange kaburini. Thubutu! Kwaya inayoletwa na mtu anayetafuta kusamehewa ni jukwaa lingine tu, na maiki ni yako tena. Mwulize kwanza Clement. Dada yake akitaka waimbe, watakuja kwa siku atakayoitaja yeye. Asipotaka, utanyamaza.

Lakini wewe utakwenda, peke yako, bila kinanda. Chukua mchele wa kwenu Chimala, kama mtu yeyote anayekwenda kwa wafiwa. Ukimkuta Tekla mwambie simu haikuzima, mwambie uliusoma. Usimweleze kwa nini, kwa nini yako anaijua. Usimwombe arudi, wala usilie kuliko yeye. Asipokukaribisha ndani, kaa nje ulipo, mchele mpe Clement, na ukiambiwa ondoka, ondoka.

Akikuuliza umefuata nini, Sauti Nne usiitaje. Mwambie, "Dada, nimekuja msibani." Atakujibu kwamba mama alishazikwa. Mwambie unajua.