Siku Tuliyohesabiwa Mlimani

Mpendwa mjukuu wangu Eliamani,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba jogoo wako amehamia rasmi kwa jirani, wala hana mpango wa kurudi. Sisi wengine hatujahama. Bibi yako anakusalimu sana, na kabichi zimefunga vizuri.

Umeuliza zamani tulikuwa watu wangapi hapa mlimani. Miaka ya mwanzo ya Uhuru alikuja karani wa sensa. Tulisikia kwamba upande wa bonde wenye watu wengi ndio utakaojengewa zahanati, na bibi yako alikuwa na mimba ya baba yako. Nilitaka tuhesabiwe wote. Lakini kwa wazee wetu, kutaja idadi ya watoto ni kuwaitia kifo.

"Shikamoo mama. Una watoto wangapi?" karani alimuuliza mama yangu.

"Marahaba. Wapo."

"Wapo wangapi?"

"Kwani ni mbuzi, unataka kununua?"

Nikamsihi, "Basi mama, tuite tu tumsalimie mgeni."

Akatuita kwa majina, mmoja mmoja, na kwa kila shikamoo karani akachora kistari. Mwisho akaita, "Mariamu!" Huyo ni dada yangu aliyefariki akiwa mdogo. Mama akasubiri kidogo, kama aliyemsikia akija. Karani akamtazama, kisha akachora.

Ndiyo maana ukiniuliza idadi yetu, sijui nimwache nani.

Zahanati ilijengwa ng'ambo ya bonde. Huku kwetu hapakuwa na mahali tambarare.

Babu yako