Masikio ya Mtoto wa Salumu

Bujumbura, Agosti 1966. Mwaka wa sita tangu nitoke Kisangani.

Mdogo wangu Zaina,

Nakusalimu wewe na wote mliobaki. Mguu wako umepona? Mimi kifua hakiniachi, na kazi sina tena. Barua yako ilikaa njiani miezi miwili, kwa hiyo kikao mnachoniitia nadhani kimeshapita.

Unasema mwanao Salumu anataka kumfukuza mkewe Mado. Mimba iliingia waasi walipokuwa wameshika mji, naye Salumu amejificha Bafwasende, akaja nyumbani mara moja tu. Sasa masikio ya mtoto hayafanani na ya mtu yeyote kwetu. Ndiyo unaniandikia: "Kaka, kuya uangalie tu. Weye ulitumika na mashini ya kuona vidudu."

Ni kweli, nilifanya kazi maabara, na kwa hadubini ile nilitazama chembe hai za maua ya mahindi. Ndani yake mna nyuzi, mbili mbili: mmoja wa baba, mmoja wa mama. Chembe ikitaka kutoa mbegu ya uzazi, kila uzi hujinakili, kisha wenzi hushikana na kubadilishana vipande. Ndipo chembe hugawanyika mara mbili, na kila mbegu hubaki na nusu tu. Uzi upi uende wapi, hakuna anayepanga. Na sisi watu tuko hivyo hivyo. Salumu hakutoa sura yake. Alitoa nusu iliyochanganywa, na masikio ya bibi tusiyemjua yanaweza kutokea leo. Mbegu ya mwanamume mwingine nayo iko hivyo. Sikio halithibitishi wala halikanushi.

Lakini mimi ndiye niliyewazoesha kuniuliza. Unakumbuka sherehe ya arubaini ya mtoto wa fundi cherehani? Wanawake walifunua kitambaa wasome masikio, kama desturi yetu. Shangazi akaniita mjomba kwa Kifaransa chake: "Bon, tonton wa mashini, haya masikio iko ya nani?" Mama wa mtoto akacheka: "Iko yake mwenyewe, si anasikia nayo?" Nilikuwa na majuma mawili tu kazini, naosha vioo. Nikasema si ya baba yake. Yule mama akarudishwa kwao Opala, mtoto mgongoni. Nilipokuja kuziona zile nyuzi, nilielewa nilichofanya. Sikumfuata.

Kama Mado bado yuko, msomee barua hii mbele ya wote. Sidhani yupo, atakuwa amerudi kwa baba yake, kwenye mitego ya samaki pale maporomokoni.

Nisalimie Salumu, hata akinuna. Shangazi mwambie aache masikio ya watu.

Mnataka nije niseme neno la mwisho. Nilishalisema mara moja. Sitarudi.

Kaka yako,
Rashidi