Mbegu za Baba na Maji ya Wageni

Baba,

Mbegu zako zimeoza.

Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu akuzungushe. Ulikuwa ukisema, "Niambie la mwisho kwanza, ya mwanzo nitakuuliza mwenyewe." Sasa huwezi kuniuliza, basi ya mwanzo nitayasema bila ya kuulizwa, na uniwie radhi yakija yamechanganyika. Nimechoka, Baba. Ni uchovu ambao usingizi hauuondoi. Naamka nao, nakunja nao mikeka, nachemsha nao chai ya wageni.

Unayakumbuka makopo ya maziwa uliyoyapanga uani wiki ile ya mwisho? Ulikaa juu ya kigoda, msuri umeukunja magotini, ukayatoboa vitako kwa msumari. Ukachanganya mchanga uliopepetwa, samadi kidogo na vumbi la makumbi ya nazi. "Mbegu ya zukini, mumunye hili la Kizungu, ilaze ubavu," uliniambia, "usiilaze chali. Ikilala chali maji yanaikalia tumboni." Nikakuuliza umeyajua wapi hayo. Ukacheka. "Kwa kuziua nyingi."

Na kweli uliziua. Mara ya kwanza ulizifukia ndani mno, zikachoka kabla ya kuuona mwanga. Mara ya pili uliyaacha makopo kwenye jua la mchana, udongo ukakauka juu ukawa kigae. Mara ya tatu panya. Mama alisema panya wetu wana bahati, wanakula chakula cha hoteli.

Alijua anakuchokoza wapi. Miaka yote pale hotelini Mbweni kazi yako ilikuwa kupokea mboga stoo, na ulizitazama zukini zikija kutoka bara zimelegea kama vidole vya mgonjwa, jambo hilo likakuudhi kama tusi. "Kisiwa kilichoweza karafuu kinashindwa na mumunye?" Halafu daktari akakupunguzia wali na mihogo kwa ajili ya sukari, na wewe ukapata hoja. Siku Mama alipozikatia kwenye mchuzi wa nazi ukamwambia hili ni mumunye lililokwenda skuli. Mama akaonja. "Basi limerudi halina ladha, kama waliosoma wote." Akanitazama mimi. Mlicheka nyote wawili, nami nikanuna mpaka sala ya isha.

Nilikuwa nikirudi kutoka kazini nakukuta umeinama juu ya kopo, unachungulia. Ulishakuwa mgonjwa sana. Hatukuuzungumza ugonjwa. Tulizungumza mbegu.

Hizi za mwisho ulizipanda sawasawa. Kina sawa, ubavu sawa, kivuli sawa. Nataka ulijue hilo popote ulipo, kosa halikuwa lako.

Ulipoondoka Mama aliingia eda. Yumo chumba cha juu, nguo nyeupe, hana manukato wala wanja, hatoki. Hakuomba kitu ila kimoja, nimpandishie makopo yako. Niliyapanga ndani ya sinia kubwa ili yasilowanishe busati, nikaliweka sinia chini ya dirisha. Basi kila alfajiri, akishasali, aliniita. Naam, Mama. "Njoo uzitazame. Zimetoka?" Nikipiga magoti, nikaangalia kopo moja moja, nikasema hazijatoka, Mama. Naye akisema, "Angalia vizuri." Hayo yalikuwa karibu maneno yake yote ya siku. Chakula alikigusa tu kwa ncha za vidole.

Nikaona, au nilidhani nimeona, kwamba amejitundika kwenye zile mbegu kama nguo kwenye msumari mmoja. Sote tumefundishwa katika chuo cha Kurani kwamba anachokipanda mtu, akala binadamu au ndege, ni sadaka yake hata akiwa kaburini. Kwa hiyo zikiota, ulikuwa bado unafanya kazi duniani. Na zisipoota? Sentensi hiyo sikuthubutu kuimaliza. Niliibeba ngazini juu na chini pamoja na vikombe.

Aliyeanza ni Shangazi Zuhura, dada yako. Alikuja akakaa na Mama, akayaona makopo, akauliza, akaambiwa. "Kaka yangu kazipanda kwa mkono wake? Basi atakayetia maji na yeye ana fungu lake." Akamwaga kikombe kizima.

Baada ya hapo hakuna aliyekuja kuhani msiba akaondoka bila kumwagilia. Bi Mwanahija wa nyumba ya pili alileta chupa ndogo ya zamzam aliyoihifadhi tangu alipohiji, akaigawa matone kwa kila kopo huku analia. Wengine walitia maji ya bilauri niliyowapa wanywe. Mmoja, Baba, alitia chai iliyobaki kikombeni mwake, na mpaka leo sijui alikusudia au majonzi yalimchanganya. Ungecheka mpaka ukakohoa.

Uliyatoboa makopo yapate kupumua, lakini sasa yalikuwa yamekaa ndani ya bwawa. Nikilimwaga sinia asubuhi, adhuhuri limejaa tena. Nilijaribu. Nilimwambia Shangazi taratibu, mlangoni, "Shangazi, mbegu zinataka unyevu tu. Kuogelea hazijui."

"Ewe Raya! Wamnyima baba'ko rehema kwa kikombe cha maji?"

Nikampisha apite. Utamwambiaje mtu anayelia kwamba machozi yake ni mengi?

Harufu ilianza kidogo, kama ya mtungi uliosahauliwa. Adhuhuri moja, Mama amesinzia, nilichimbua kopo kwa mpini wa kijiko. Mbegu ilikuja laini, imejaa ute, nilipoibana ikatoa maji meupe. Nikachimbua ya pili. Nikachimbua zote. Nikazifukia tena zilivyokuwa, nikausawazisha udongo, nikateremka na vikombe vichafu, kwa sababu vikombe huwa vipo.

Pakiti yako ya mbegu niliikuta kwenye mfuko wa koti, nyuma ya mlango, imekunjwa mdomo kwa uangalifu wako ule. Nilizimimina mbegu kiganjani. Zilikuwa chache, nikaogopa kufunga ngumi. Nikizipoteza hizi, nilijiambia, nimepoteza na Mama.

Sikuziweka udongoni. Nilichukua kitambaa cha jikoni, nikakilowanisha, nikakikamua mpaka kikaacha kutona, nikazipanga mbegu juu yake zisigusane, nikakikunja, nikakiweka ndani ya ile hotpoti ya chapati. Hotpoti nikaiweka juu ya friji, upande wa nyuma panapotoka joto. Kitambaa kikianza kukauka nilikinyunyizia kwa vidole, basi. Shangazi alipouliza kuna nini mle nilimwambia dawa yangu ya nywele. La sivyo angeitia maji.

Nilikuwa nikifunua zaidi ya ilivyofaa. Nilikuwa naogopa, na mtu mwenye hofu hawezi kuacha kifuniko kikae. Siku ya kwanza kuona kitu nilidhani ni uzi wa kitambaa. Ngozi ya mbegu moja ilikuwa imepasuka kwenye ncha, na pale kwenye ufa palikuwa na kijino cheupe, kigumu, kimepinda kidogo kuelekea chini. Nikakifunika. Nikaegemea friji, nikausikia mtetemo wake mgongoni. Nilitaka kukuita, Baba. Jina lilifika mdomoni.

Shangazi alizigundua mwenyewe, akitafuta chapati.

"Raya! Dawa gani ya nywele hii inaota meno?"

Nikamwambia. Akauliza, "Na zile za juu?" Nikasema zimeoza. "Zote?" Zote, Shangazi. Alikaa chini pale pale sakafuni, akaziba mdomo kwa ukaya wake wa kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimwona mzee. Hakujitetea. Aliangalia mikono yake iliyomwaga yale maji. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sasa nsikilize. Zifukie hizi mle mle kwenye makopo ya kaka yangu. Kesho kutwa zitatoka. Mama'ko hatajua, atashukuru Mungu, atakula. Mwache apumue, mwanangu."

Ilikuwa huruma, na nilikaribia kuipokea. Lakini nilijiona nikipiga magoti kila alfajiri mbele ya kazi yangu mwenyewe na kuiita yako, Mama akiomba dua juu yake. Nilijua nitaweza. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba nimechoka kiasi cha kuweza.

Nikapanda na hotpoti. Shangazi alinifuata mpaka katikati ya ngazi, akasimama hapo.

Niliiweka mbele ya Mama, nikafungua kitambaa. Akazitazama. Aligusa kijino kimoja kwa kucha, kidogo tu.

"Hizi za nani?"

"Za pakiti ya Baba. Lakini nimeziotesha mimi. Zile zako, Mama..."

"Zile zimeoza zamani. Nnalala nazo chumba kimoja, pua si ninayo?"

Sikuelewa. Nikamuuliza kama alijua, kila alfajiri alikuwa akiniitia nini.

"Nlikuwa nakuita upate kukaa," Mama akasema. "Tangu baba'ko aondoke hujakaa kitako. Waingia na sinia, watoka na sinia. Nikikwambia kaa, wasema nakuja, Mama. Nikikwambia tazama mbegu, wapiga magoti. Basi we ukizitazama mbegu, mie nakutazama wewe. Umekonda, Raya. Nani atakula kwa raha mtoto wake akiwa hivyo?"

Baba, nilikaa. Nilikaa kitako, miguu nimeinyoosha kama mtoto, na nikalia kilio kile nilichokuwa nikikiahirisha kwa kuosha vikombe. Mama hakuninyamazisha. Kutoka ngazini Shangazi aliita kwamba birika limechemka na wageni wamefika, je, Raya anakuja? Mama akajibu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuzika:

"Wifi! Jitilieni wenyewe!"

Jioni ile tulizipanda wawili, kwenye udongo mpya, vijino vikielekea chini, sinia tumeliondoa. Mama ametoa amri kwa kila anayeingia. Anayetaka thawabu ya maji, na mtaa mzima mabomba yamekauka, achukue ndoo, achote kisimani, ampelekee jirani asiyeweza kupanda ngazi na maji. Wengine walinuna. Bi Mwanahija alichukua ndoo, siku ile ile, na kesho yake akaja kuomba nyingine, akasema ghorofani kwa bibi mmoja kipofu kuna mitungi miwili mitupu.

Zimetoka, Baba. Si zote. Zina majani mawili manene, na moja ilitoka imevaa ganda lake kichwani kama kofia, nikajizuia kulivua. Ulinifundisha liachwe lianguke lenyewe. Mama anakula. Hali sana, lakini sasa analalamika chumvi, nami nafurahi anapolalamika. Jana alisema mchuzi wangu ni wa mtu aliyesoma.

Sijui thawabu zinaandikwa kwa nani. Mbegu ulizinunua wewe, sokoni Mwanakwerekwe, ukirudi kwa miguu iliyovimba. Niliyeziotesha ni mimi. Zile zilizooza ndizo zilizopandwa kwa mkono wako, na zimekwenda chini pamoja na zamzam ya Bi Mwanahija na chai ya mtu. Nimelifikiria mpaka kichwa kikauma, kisha nikaliacha kwa Mwenye hesabu. Nadhani Yeye hachoki.

Nisijifanye nimepona. Uchovu upo. Asubuhi bado nasikia kikohozi chako uani kabla sijakumbuka. Lakini kuna wakati wa alasiri sasa ambapo mimi na Mama tunakaa kimya chumba kimoja, na ukimya huo haunitafuni.

Basi, kwaheri, Baba yangu. Mungu akupe nafasi kaburini, akuondolee kila kilichokuuma. Ahadi kubwa sina nguvu nazo, nakuachia ndogo ninayoweza kuitimiza. Mama akiniita, sitamwambia nakuja. Nitaweka chini chochote nilichokishika, nitakwenda mikono mitupu, na nitakaa.

Mwanao,
Raya