Kunguru Hawakupewa Taarifa

Mume wangu Idi,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Hapa Mtoni tu wazima. Mguu wa babu yako unaendelea vizuri, na kuku wa mama yako siku hizi wanatagia chumbani kwako.

Umeniuliza: ndege ni kazi yenu marubani na mainjinia, wanasiasa wanaingiaje? Nikiwa binti nilikuwa karani wa kamati ya wabunge. Tulikwenda kukagua uwanja mmoja wa pwani, usiniulize upi, uliotaka kurefusha njia ya kurukia ndege hadi karibu na dampo. Hofu ilikuwa kunguru, maana mmoja tu akiingia kwenye injini ni balaa. Tukakuta dampo limefukiwa udongo, kunguru hakuna. Wenyeji wetu wakasema, "Mnaona wenyewe, waheshimiwa." Wajumbe wakaanza kurudi garini.

Mwenyekiti, mzee aliyekuwa hajui hata ndege inapaaje, akaomba kiti. "Nyie tangulieni. Mie napumzika kidogo."

Nikabaki naye. Jua lilipopanda, kunguru wakaanza kutua, wakaufukua udongo ule kama wenye mali. Mzee akacheka. "Hawa hawakupewa taarifa ya ziara." Mpango ukasimama mpaka dampo likahamishwa.

Tangu siku ile simwamini mkaguzi mwenye haraka.

Basi soma, mume wangu. Siku utakayopita juu ya Mtoni na ndege yako, nitakuwa uani nakusubiri. Ila nitaanza kwa kuwatazama kunguru.

Mkeo mkubwa,
Bibi