Ngozi Nne za Ng'ombe na Mchanga Unaojishusha

Mpendwa Bi Chausiku,

Kwanza pokea shikamoo yangu, na pili nisamehe kwa mwandiko huu, naandikia juu ya usukani kwa furaha na kwa hofu pamoja, naomba unishike mkono upesi kwenye ukurasa wako wa gazeti kwa maana mwezi ukiandama nitakuwa nimempoteza mchumba wangu Limi, na yote hayo ni kwa sababu nimegundua jambo zuri kuliko yote niliyopata kuyagundua tangu nizaliwe.

Mimi ni dereva, naitwa Januari Ngassa, naendesha pikapu ya Mzee Shaaban, mfanyabiashara wa hapa Shinyanga mjini, tunasomba mchanga kutoka mto mkavu kupeleka kiwanjani anapojenga ghala la pamba, na mchanga, Bi Chausiku, kama hujawahi kuushusha huwezi kuujua, juu ni mkavu lakini chini umelowa na unagandamana kwenye kona za bodi ya gari mpaka ukwanguliwe. Kupakia na kushusha ni kazi ya watu sita wenye mabeleshi, mkubwa wao ni Mzee Mageni, ambaye ndiye baba yake Limi, nao hushusha kwa kuimba, yeye anaanza na wenzake wanaitikia na mabeleshi yote yanakwenda pamoja, na gari moja ni nyimbo nne, nimezihesabu miezi mingi nikiwa nimekaa kwenye usukani sina la kufanya.

Sasa sikia ilivyokuwa. Siku moja nilikwenda nyumbani kwa Mzee Mageni kuwaamkia wazee, nikamkuta Limi ameanika mtama juu ya ngozi ya ng'ombe, mara wingu likatanda na matone yakaanza, nami nikadhani atakimbilia ungo auchote kidogo kidogo, lakini hakuchota, alikwenda upande wa mbali wa ngozi, akashika pembe mbili, akarudi nazo huku akizivuta juu ya mtama wenyewe, na ule mtama ukajipindua wote ukabingirika mpaka kwenye mkeka, hata punje haikubaki. Nilisimama na kibuyu cha togwa mkononi kama niliyepigwa na butwaa, akaniuliza, "Unatazama nini?" nikamwambia, "Natazama mchanga." Akacheka, akasema mchumba wake amechanganyikiwa na jua.

Usingizi sikuupata wiki ile. Nilinunua ngozi nne kwa mwenye bucha, nikazishona mwenyewe kwa sindano ya magunia na kamba ya katani, nikazitandika ndani ya bodi manyoya yakiwa chini ili ziteleze, na wale wazee wa mabeleshi wakanicheka wakasema Januari anaitandikia pikapu kitanda, nami nikawajibu kwamba nazuia mchanga usivuje kwenye matundu, na huo ndio uongo wangu wa kwanza, Bi Chausiku, ulikuwa mdogo.

Basi siku ya Jumanne tumemaliza kupakia pale mtoni, akaja mtu mbio kuleta habari za msiba, ndugu yao amefariki na kaburi halijachimbwa, wote sita wakaweka mabeleshi chini wakaenda, maana kaburi halisubiri, nami nikaenda kiwanjani peke yangu na gari limejaa. Pale tunapomwaga ni nyuma ya ukuta, mafundi wako upande wa pili hawaoni, na kuna kisiki kikubwa cha mninga. Nikakielekezea kisiki nyuma ya gari, nikafungua mlango wa bodi, nikafunga mnyororo kwenye ngozi upande huo wa nyuma, nikafunga na kwenye kisiki, nikaondoa gari, ngozi ikapasuka pembe moja na mchanga ukakaa pale pale unanitazama. Nusura nilie. Halafu nikamkumbuka Limi, kwamba yeye alikwenda upande wa mbali, basi nikapanda juu, nikafunga minyororo miwili kwenye pembe za mbele, zile za nyuma ya mgongo wa dereva, nikaipitisha juu ya mchanga mpaka kisikini, nikaingia, nikatia gia ya kwanza, nikaenda taratibu, na nyuma yangu nikasikia sauti kama ng'ombe mkubwa anapolala chini, nikageuka, mchanga wote uko ardhini umerundikana vizuri na bodi ni safi unaweza kupakulia wali. Hata wimbo mmoja usingefika kwenye kiitikio. Nilishuka nikacheza ngoma peke yangu, nikakirukia kisiki kile nikakikumbatia, naona aibu kukuandikia lakini ndivyo nilivyofanya.

Nilikuwa nimeshakunja ngozi nakula muhogo wangu alipokuja Eustace, ambaye ndiye mkubwa wa mafundi, akaona lundo, akaniuliza, "Kashusha nani?" Nikamwambia mimi. "Peke yako?" Peke yangu, nikasema, na huo haukuwa uongo, ila alinikagua mikono na mabega, akaita wenzake waje wanione, wakanisifu, na mimi, Mungu anisamehe, nikanyamaza. Habari zikamfikia Mzee Shaaban, akaja na kanzu yake mpaka kiwanjani, akanipigapiga mgongoni akasema kumbe ana dume hajui, akaamuru tangu siku ile wazee wabaki mtoni wapakie tu, Januari ashushe mwenyewe.

Nimeshusha hivyo wiki tatu sasa, Bi Chausiku, safari nane kwa siku badala ya nne, na kila mara moyo wangu unaruka kama mara ya kwanza, nimeshafikiria kokoto, nimeshafikiria mbegu za pamba, samadi, hata ule udongo wenye dhahabu kule Geita, ni magari mangapi yanasimama hapa nchini yakingojea mabeleshi. Lakini ngozi zimeanza kunuka, na mbwa wa njia nzima wananifuata, na mimi narudi mtoni upesi mno, sina jasho wala mchanga kichwani. Juzi Mzee Mageni alisimama mbele ya gari akaniuliza, "Kijana, wenzako tulikuwa tunatoka kule kiwanjani tumelowa. Jasho lako liko wapi?"

"Limekauka, baba."

"Na hawa mbwa, wananusa ngozi za kuzibia matundu tu ndani ya gari lako?"

Nikashuka kuwafukuza mbwa. Akawageukia wenzake akasema kwa Kisukuma, nami nasikia, kwamba nimepata misukule, watu waliokufa wakainuliwa kwa dawa ili wanifanyie kazi bila kuonekana, na kwamba yule ndugu yao aliyezikwa siku ile ile nilipoanza kushusha peke yangu sasa wanajua alikokwenda. Jioni akamwita mshenga wangu akamwambia, "Binti yangu hatapikia watu wasioonekana. Mwezi ukiandama ng'ombe wake warudi."

Hapo ndipo nilipo. Nikiwaonyesha kazi ya zile ngozi, Mzee Shaaban atasema mabeleshi ya nini, awafukuze wazee sita, na wa kwanza wao ni baba mkwe wangu. Nikinyamaza, mimi ni mchawi. Na kibaya zaidi, jana Mzee Shaaban ameniambia kwamba kwa kuwa nina nguvu za kushusha peke yangu bila shaka nina nguvu za kupakia pia, basi mwisho wa mwezi atawaachisha wote kazi abaki nami. Ni Limi tu anayejua ngozi zinafanya nini, nilimwomba asimwambie mtu, akanijibu, "Mimi ndiye niliyekuonyesha, na mimi ndiye ninayekaa pale nikisikia ukiitwa mchawi. Sema." Sijasema. Nimenyamaza kwa kuwahurumia wazee. Nifanyeje?

Wako mtiifu,
Januari Ngassa, dereva.

Marahaba, Januari.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara mbili kwa ajili ya shida yako na mara ya tatu kwa raha yangu. Marehemu mume wangu alikuwa na lori, nami nimewahi kushika beleshi mimi huyu, siku vibarua wake wa gari walipokimbilia ngoma wakamwachia gari la kokoto. Kwa hiyo ninajua ulichokipata, na nilipofika pale mchanga uliposhuka nilipiga makofi jikoni peke yangu. Hongera sana. Umefanya kazi ya maana, na ningeipata mimi wakati ule mgongo wangu usingekuwa hivi ulivyo.

Nimemaliza kukusifu.

Unasema umenyamaza kwa kuwahurumia wazee. Siamini, na wewe huamini. Ulinyamaza kwa sababu Eustace alikushika mabega na sifa ikakunogea. Ungeyasema yote pale pale, muhogo ukiwa bado mkononi, leo hii usingekuwa na mbwa, wala misukule, wala ng'ombe wa kurudishwa. Mtu mzima unaitwa dume kwa kazi iliyofanywa na ngozi, unaitikia.

Halafu kichwa chako kimesimama kiwanjani tu, hakijafika mtoni. Hebu niambie, ngozi yako inapakia? Haipakii. Mchanga utajishusha mara mia lakini hautapanda garini wenyewe, unataka mabeleshi sita na nyimbo zake. Na gari linalokwenda safari nane badala ya nne linataka kupakiwa mara nane. Kumbe wazee hao wana kazi mara mbili ya zamani, ila wanaifanya wakiwa mahali pamoja bila kuparamia gari na kuteremka. Ukweli hauwafukuzi. Kinachowafukuza ni uongo wako, kwa sababu Mzee Shaaban anadhani nguvu ni za kwako. Siku akijua kwamba ni za ngozi, ataona mwenyewe kwamba dereva wake ni kijana wa kawaida asiyeweza kupakia pikapu peke yake hata kwa siku nzima, atawashika wale wazee kwa mikono miwili. Hilo ulipaswa kuliona siku ya kwanza, lakini ulikuwa unakumbatia kisiki.

Usimcheke Mzee Mageni wala usimkasirikie. Yeye ametazama alivyotazama: ndugu kazikwa, siku hiyo hiyo kazi ya watu sita ikafanywa na mtu asiyeonekana, na mbwa wananusa. Angefikiri nini kingine? Wewe ndiye uliyempa kila kitu cha kufikiria isipokuwa ukweli.

Na Limi. Jambo ulilogundua, Januari, hukuligundua. Aligundua yeye, au mama yake, au bibi yake, na wanawake wa huko wanalifanya kila mvua inapotishia mtama. Wewe umelipeleka kwenye gari, na hiyo ni akili, sikunyimi. Lakini binti huyo amekupa ujuzi wake, ukafanya siri, na siri ukamtwisha yeye. Analala nyumba moja na baba anayekuita mchawi, ana neno moja la kukutetea, halisemi kwa kuwa ulimwomba. Mwanamke wa namna hiyo hapatikani kila gulio. Nakuonya usimchoshe.

Sasa fanya hivi. Usianze kwa Mzee Shaaban, anza kwa mkwe wako. Nenda mtoni asubuhi kabla gari halijapakiwa, pamoja na mshenga wako, zitandaze hizo ngozi chini mbele ya wazee wote sita, wazinuse, mbwa nao waje wanuse. Kisha zirudishe garini, wapakie mchanga juu yake. Wazee wapande wote waende kiwanjani kama zamani, na pale kisikini wewe usishike mnyororo hata kidogo. Mwombe Mzee Mageni afunge mwenyewe kwa mikono yake, pembe za mbele, mwambie nani alikuonyesha kwamba ni za mbele. Ukae kwenye usukani, usubiri yeye aseme nenda. Mchanga ukishuka, usicheze. Teremka, piga magoti, umwambie, "Baba, nilipenda kusifiwa." Maneno mengine hayatakiwi. Akitaka kukutukana, sikiliza mpaka amalize. Baada ya hapo wazee ndio wampeleke Mzee Shaaban kuona, wao ndio wamweleze jinsi kazi itakavyokwenda, watu sita mtoni na dereva mmoja njiani. Na hizo ngozi, kijana, zipake chumvi na majivu uzianike juani, zinanuka mpaka huku kwenye karatasi.

La mwisho. Una siri usiyotaka mkwe wako aijue, ukaiandika kurasa nne, ukaileta gazetini. Sijui ulifikiri tunafanya nini hapa. Jina lako sikulificha, na sitalificha, maana mtu anayetaka kusafishwa jina hawezi kusafishwa akiwa hana jina. Jibu hili nimelinakili na kukutumia kwa treni ya Jumatatu, litakufikia Jumanne. Gazeti linatoka Ijumaa, na Shinyanga nzima najua wanavyosomeana gazeti sokoni, kwa sauti, kuanzia ukurasa huu. Una siku tatu za kwenda mtoni ukayasema kwa kinywa chako. Ukisubiri ya nne, Mzee Mageni atasomewa na mwuza chumvi.